Mali bila daftari: miaka yangu na tepu za seva

Hata nikiwa chumba cha pili na mlango umefungwa, najua kama draivu ya tepu, mashine inayoandika data kwenye utepe wa sumaku, inashiba data au inakaa njaa. Ikishiba, hutoa mvumo mmoja ulionyooka, kama feni iliyosahauliwa ikiwaka. Ikikaa njaa, mvumo unakatika, kimya kidogo, mlio wa kurudi nyuma, kimya tena, halafu inajaribu kuondoka upya. Sauti hiyo ikiendelea dakika tano nakuwa nimeshanyanyuka kitini. Utepe ulio ndani unavutwa kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde, na kitu kinachokimbia hivyo hakisimami papo hapo. Data zikikatika, draivu hupitiliza, husimama, hurudi hadi nyuma ya pale ilipoachia, kisha huanza kukimbia tena ili ifike pale pale ikiwa na mwendo. Mafundi huiita hali hii kung'arisha viatu, maana utepe unapita mbele na nyuma juu ya kichwa cha draivu kama kitambaa cha mpiga rangi viatu. Tofauti ni kwamba kiatu hung'aa. Utepe na kichwa huchakaa.

Sikuitafuta kazi hii, nilirithishwa. Kulikuwa na seva zilizozeeka, diski zake zinakufa moja baada ya nyingine, na ndani yake terabaiti 220 hivi za jasho la watu: vipimo, picha, hifadhidata za miradi iliyokwisha zamani. Hakuna aliyekuwa anazifungua na hakuna aliyekubali zifutwe. Bosi akauliza, "Kwani haziwezi kukaa tu hapo zilipo?" Zinaweza, mradi umeme uwepo, kipoza hewa kifanye kazi, na awepo mtu wa kuamka usiku kubadilisha diski. Akiba haiozi, tunaambiwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kulisha seva.

Tepu ikishaandikwa inakaa kabatini bila kula umeme hata kidogo. Mdukuzi hawezi kuifikia, wala virusi vya kudai fidia, kwa sababu haijaunganishwa na chochote. Watu hudhani ni teknolojia ya makumbusho, kwa kuwa IBM ilitoa draivu yake ya kwanza ya tepu, modeli ya 726, mwaka 1952. Lakini CERN, wanakogonganisha chembe za atomu, huhifadhi data zao za majaribio kwenye tepu. Na Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, kama asilimia 0.02 yao, Google wenyewe walieleza kwamba nakala zote za mtandaoni ziliguswa na hitilafu ile, na kilichowaokoa ni tepu. Ilikuwa nje ya mtandao, hitilafu haikuifikia.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Bekapu na hifadhi ni vitu viwili. Bekapu ni ya kosa la jana: mtu kafuta folda, unamrudishia, maisha yanaendelea, na wiki ijayo tepu ile ile inaandikwa upya. Hifadhi ya muda mrefu haina pa kurudi. Siku unapozima seva, tepu inaacha kuwa nakala na inakuwa ndiyo mali yenyewe. Ukiishika siku hiyo mkono unakuwa mwingine kabisa.

Hesabu zetu zilikuwa hivi. Tulichagua LTO-8 (LTO ni aina ya tepu za seva, na namba ni kizazi chake), kizazi kilichotoka mwaka 2017, terabaiti 12 kwa tepu moja. Kwenye kasha utakuta imeandikwa 30, na wanunuzi wengi wapya hujikwaa hapo. Hiyo 30 inadhania data zako zitabanika mara mbili na nusu. Picha na video zimeshabanwa tangu zilipozaliwa, hazibaniki zaidi. Nilihesabu kwa 12, nikapata tepu 19, na kwa nakala mbili tepu 38. Draivu ikishiba huandika megabaiti 360 kwa sekunde, kwa hiyo tepu moja ni saa tisa na zaidi kidogo, na zote 38 ni kama siku 15 za mfululizo usiku na mchana kwa draivu moja. Tulitumia karibu miezi mitatu.

Muda ule mwingine uliliwa na njaa ya draivu. Diski ya kuzunguka ikisoma faili moja kubwa inajitahidi, ingawa hata hivyo peke yake haifikii kasi ya draivu. Ikipewa mafaili madogo madogo inakuwa kama mtu anayetumwa dukani kuleta kiberiti, akirudi anatumwa chumvi, akirudi anatumwa sindano. Kila faili dogo lina safari yake ya kichwa cha diski. Sisi tulikuwa nayo zaidi ya milioni 40. Usiku wa kwanza draivu ilinung'unika hadi asubuhi, na tepu iliyotakiwa kujaa kwa saa tisa ilikuwa haijafika hata robo.

Dawa ilikuwa kuacha kuandika moja kwa moja kutoka seva. Tulinunua diski za SSD, zile za kasi zisizo na kitu kinachozunguka, za kutosha, tukazifanya kituo cha kati. Seva inamimina hapo kwa mwendo wake wa kujikokota, programu inafunga mafaili katika mabunda ya gigabaiti 100 hivi, na bunda likishakamilika ndipo linapelekwa kwenye tepu kwa mkupuo. Mvumo ukanyooka. Nakumbuka nilisimama mbele ya ile mashine nikaisikiliza tu, bila kazi yoyote pale.

Ingefaa kila anayefanya kazi hii auone utepe wenyewe angalau mara moja. Tulikuwa na kaseti moja iliyoanguka ikapasuka, nikaimalizia kwa bisibisi. Ndani kuna gurudumu moja tu, si mawili kama kaseti za muziki. Gurudumu la pili liko ndani ya draivu. Utepe una upana wa milimita 12.65, mweusi, laini, mwembamba hivi kwamba ukipumua karibu unatikisika. Wa LTO-8 una urefu wa mita 960. Draivu haijazi upana wote kwa safari moja. Huandika njia 32 ikienda, ikifika mwisho hujisogeza kidogo na kuandika nyingine 32 ikirudi, mpaka njia zote 6,656 zijae. Hizo ni safari 208. Piga hesabu: kujaza tepu moja, utepe unapita chini ya kichwa kwa umbali wa karibu kilomita 200. Na nyuma ya kichwa cha kuandikia kuna kingine kinachosoma kila kilichoandikwa papo hapo, na kama kimekosewa, kinaandikwa upya mbele yake.

Kwa hiyo draivu yenyewe ni mwaminifu sana. Makosa niliyoyaona yote yalifanywa na watu, na kubwa kuliko yote nililifanya mimi.

Ilikuwa kabla ya mradi huu, enzi za LTO-5, nilipokuwa mgeni kazini. Nilipewa folda tatu nizihifadhi kwenye tepu moja. Nikatumia tar, programu ya Unix ambayo jina lake lenyewe ni kifupisho cha hifadhi ya tepu na imekuwepo tangu mwaka 1979. Usiku wa kwanza folda ya kwanza, wa pili ya pili, wa tatu ya tatu. Hakuna kosa hata moja kwenye skrini. Nikabandika lebo, nikapeleka tepu kwa mzee aliyekuwa anashika funguo za kabati.

"Kijana, umeisoma?"

"Ndiyo mzee, imeandikwa vizuri, haikutoa kosa lolote."

"Sijauliza kama umeandika."

Nikarudi kuisoma, zaidi kwa kumridhisha. Ndani kulikuwa na folda ya tatu peke yake, ile ndogo kuliko zote.

Kwenye Linux, draivu moja ya tepu ina majina mawili. Kuna /dev/st0 na kuna /dev/nst0, kifaa ni kile kile. Ukitumia la kwanza, kazi ikiisha utepe unarudishwa mwanzo wenyewe. Ukitumia la pili, lenye ile n, utepe unabaki pale ulipofika. Mimi nilitumia lisilo na n. Kwa hiyo kila usiku utepe ulirudi mwanzo, na folda mpya ikakaa juu ya kichwa cha folda ya jana. Mkia wa folda kubwa bado ulikuwepo kwenye utepe, sumaku yake haijaguswa, lakini draivu ikimaliza kuandika huweka alama ya mwisho wa data, na ikiikuta alama hiyo haivuki hata uiombe vipi. Kilicho ng'ambo yake kipo na hakipo.

Data zilipona kwa sababu mzee alikuwa amekataa seva ifutwe mpaka tepu isomwe. Nilijiona mdogo kama pisi ya kashata. Tangu siku hiyo kila tepu ninayoandika naitoa kwenye draivu iliyoiandika, naiweka kwenye draivu nyingine, naisoma yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kulinganisha cheksamu za SHA-256, yaani alama zinazokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika likiharibika, na zile nilizochukua kwenye seva kabla sijagusa chochote. Muda unakuwa mara mbili. Draivu nyingine ni muhimu, maana yenye kichwa kilichopinda kidogo inaweza kuusoma mwandiko wake yenyewe na nyingine zisiuone.

Kosa la pili halikuwa langu, ila mimi ndiye niliyelikuta. Ililetwa tepu ya zamani ya idara fulani, lebo nzuri, kasha safi. Nikaiweka, nikaagiza isomwe, mashine ikajibu kwamba imeshindwa kutenga kumbukumbu. Nikaongeza kumbukumbu ya seva. Jibu lile lile. Nikahangaika nusu siku nikidhani tepu imeoza. Kumbe tepu huandikwa kwa bloki, na kila bloki husomwa nzima kwa mkupuo mmoja. Aliyeandika alitumia bloki kubwa, ya kilobaiti 512, chaguo zuri tu. Tar usipoiambia kitu huandaa chombo cha kilobaiti 10. Ni sawa na kukinga maji ya pipa kwa kikombe, isipokuwa hapa bomba linakataa kufunguka kabisa. Nikaandika ukubwa sahihi na tepu ikasomeka yote, kama imeandikwa jana. Nusu siku yangu ingeokolewa na mstari mmoja wa kalamu ndani ya kasha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tepu haina dirisha la kuchungulia. Ukiwa na tepu 38 kabatini na mtu anataka faili moja, bila orodha utazisoma zote, na nimeshataja kila moja inachukua saa ngapi. Kwa hiyo kila bunda letu lina orodha ya mafaili yake yote pamoja na cheksamu, na orodha hiyo inakaa sehemu tatu: kwenye hifadhidata ya kazini, mwanzoni mwa tepu yenyewe, na kwenye tepu ya mwisho inayobeba orodha za zote. Ile ya mwanzoni ni faili la maandishi ya kawaida. Nilishauriwa kutumia programu ya kibiashara ambayo huandika kwa mtindo wake na kutunza orodha kwenye hifadhidata yake. Ni nzuri, ina roboti, ina ripoti za rangi. Nilikataa. Siku leseni itakapokwisha sitaki tepu zangu zisubiri ankara. Wengine hutumia LTFS, iliyokuja na LTO-5 mwaka 2010, inayofanya tepu ionekane kama diski yenye folda zake. Sina ugomvi nayo, ila mabunda ya tar tayari yalikuwa mabegani mwangu.

Na ndani ya kila kasha kuna karatasi iliyokunjwa mara mbili. Imeandikwa kizazi cha tepu, ukubwa wa bloki, amri kamili ya kusomea, idadi ya mabunda, na tarehe iliposomwa mara ya mwisho. Namwandikia mtu nisiyemjua ambaye hatanijua. Huenda hata tar atakuwa hajawahi kuiona.

Kisa ninachopenda kuwasimulia wanaoniuliza kwa nini nasumbuka hivi ni cha Mwezi. Kati ya 1966 na 1967 NASA ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter kupiga picha za uso wake, na picha zikarekodiwa kwenye tepu kubwa. Tepu zilitunzwa vizuri. Tatizo likawa mashine za kuzisoma, Ampex FR-900, mijitu mikubwa kama makabati, ambazo zilikuwa zikiondolewa kazini na kutupwa. Mhifadhi kumbukumbu Nancy Evans akakataa, akaishia kuzitunza nyumbani kwake kwa miaka mingi. Baada ya 2007 kikundi kidogo kilizihamishia kituo cha NASA Ames, kikapewa jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's uliofungwa, kikafufua mashine kwa vipuri vya kuokoteza, na Novemba 2008 wakatoa picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi kwa ubora ambao umma haukuwahi kuuona. Wakati huo huo NASA ilikuwa ikisaka tepu za awali za matangazo ya Apollo 11, na mwaka 2009 ikakiri kwamba inaelekea zilifutwa na kutumika upya, kwa sababu wakati fulani tepu zilikuwa haba. Upande mmoja utepe ulikuwepo na mashine karibu zitoweke. Upande wa pili mtu alihitaji tepu tupu.

LTO inafanana na kisa hicho kuliko watengenezaji wanavyopenda kusema. Tepu inaahidiwa miaka 30 ikikaa mahali pa nyuzi 16 hadi 25, unyevu wa wastani, imesimamishwa kama kitabu. Naamini ahadi hiyo; utepe wa siku hizi ni wa feriti ya bariamu, ambayo tayari ni oksidi, haina kutu ya kushika. Lakini huo ni umri wa utepe. Draivu za awali zilisoma vizazi viwili vya nyuma, basi. Tepu ya LTO-1 iliyonunuliwa mwaka 2000 haikuweza kusomwa na draivu ya LTO-4 iliyotoka 2007. Kwenye LTO-8 wakapunguza, inasoma kizazi kimoja tu cha nyuma. Kwa hiyo tunatunza draivu mbili za LTO-8 ambazo hazifanyi kazi yoyote ya kila siku, na kwenye kalenda kuna mwaka ulioandikwa wa kuhamisha kila kitu kwenda kizazi kipya. Nilimwonyesha bosi. Akasema, "Kumbe haiishi?" Haiishi, bosi.

Ufunguo pia. Draivu tangu LTO-4 zinaweza kusimba data zenyewe, yaani kuzifunga zisisomeke bila ufunguo, na data za watu zinapaswa kusimbwa kabla hazijatoka nje ya jengo. Ila ufunguo ukipotea hakuna fundi, hakuna maabara, hakuna dua. Wetu umechapwa kwenye karatasi, umefungwa kwenye bahasha mbili, na bahasha haziko mahali zilipo tepu. Nakala ya pili ya tepu iko jengo jingine. Kuna kijana mmoja mpya aliwahi kupendekeza tepu za zamani za bekapu tuzifute kwa sumaku kubwa ili tuzitumie tena. Nilimzuia mlangoni. Tepu ya LTO ina mistari ya kuongozea kichwa iliyochorwa kiwandani, na draivu haiwezi kuichora upya. Ukiipitishia sumaku inabaki plastiki.

Mwaka jana ilikuja barua pepe kutoka kwa mtafiti aliyekuwa amehama zamani. Anaomba vipimo vya mradi wake. Alikumbuka jina la folda nusu, na mwaka. Nikatafuta kwenye orodha: tepu ya 14, bunda la 9. Nikaitoa kabatini, nikasoma karatasi ya ndani kama vile sikuiandika mimi. Draivu ikaimeza, ikavuma kama dakika moja ikitafuta mahali, kisha ikanyooka. Cheksamu zikalingana zote. Nikampelekea kabla ya chakula cha mchana, na sikukataa kujisikia vizuri.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Ameshukuru sana. Ila, samahani kwa usumbufu, alichanganya. Alichokuwa anakihitaji ni cha mwaka uliofuata.

Tepu ile ile, bunda la 23.